Maji yakitoka, mtoto yuko na nani?

Hotuba niliyoitoa Wete, Pemba, mbele ya masheha (wakuu wa shehia, mitaa na vijiji vyetu), walimu na wazazi, kwenye kikao cha kuzungumzia malezi na elimu ya maandalizi, ile ya kabla ya darasa la kwanza. Nimeiandika kama nilivyoisema, salamu tu nimezipunguza.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, masheha, walimu wenzangu, wazee wangu, kina mama na kina baba. Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu wa maandalizi aliyestaafu ukimpa dakika ishirini atakuinueni kwanza mpige makofi na kuruka ruka, lakini leo nimekusameheni.

Kabla sijasema lolote, geukeni muangalie yale mabusati ya nyuma. Yametandikwa tangu asubuhi kwa ajili ya kina mama wa mwani kutoka shehia za pwani. Yako matupu. Msidhani wameudharau mwaliko. Leo mwezi wa angani una siku kumi na sita, ni bamvua, bahari inatoka mbali, na saa hizi ni saa nne na robo. Maji yametoka, na wao wameyafuata. Aliyeandika barua aliweka saa nne kwa sababu saa nne ofisi zimeshakunywa chai. Kwa hiyo tumekaa hapa kuzungumza nani amshike mtoto mama akiwa kazini, na mama hayupo kwa sababu yuko kazini, na mtoto wake kashikwa na nani, Mungu ndiye ajuaye. Simlaumu mwandishi wa barua. Na mimi niliipokea, nikaisoma, nikaikunja. Sikukumbuka mwezi mpaka nilipoyaona mabusati.

Basi nitaanzia hapo hapo.

Mama wa mwani saa yake ni mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na huku kwetu bamvua hutoka asubuhi. Saa tatu ushaanza kuuona mchanga, saa nne na nusu miamba iko nje, saa saba bahari inarudi. Kesho yake yote hayo yanachelewa kwa dakika kama 50. Ndani ya siku hizo chache mama afunge mbegu kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, apigilie vijiti, akaze kamba, avune kilichokomaa, abebe gunia linalochuruzika maji mpaka juu. Maji mafu yakifika, bahari haitoki sana, kilichobaki ni kuanika. Kilimo hiki tumekianza mwaka 1989, Unguja kule upande wa mashariki, kikaja kwetu, na tangu siku hiyo wengi wanaoinama kwenye kamba zile ni wanawake.

Sasa ichukue ratiba ya skuli ya maandalizi uiweke pembeni ya ratiba ya bahari. Mtoto anaingia saa mbili, saa tano katoka. Saa tano mama yuko mita mia tano kutoka ufukweni, kamba mkononi. Mlangoni pa skuli kuna nani?

Kuna dada yake. Ana miaka tisa.

Bamvua iliyopita nilishuka pwani kumtafuta mtu aliyekuwa na deni langu, nisiseme uongo kwamba nilikwenda kwa utafiti. Juu ya mchanga palikuwa na banda la makuti, nguzo nne. Chini yake kitoto cha mwaka na nusu hivi kimekaa juu ya gunia, kinatafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha uliojaa mchanga. Kiunoni kimefungwa upande wa kanga, na ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Nililitazama fundo. Lilikuwa lile lisilokaza, tunalofungia mbuzi. Mama aliyelifunga alifikiri sana. Alipima urefu mtoto asifike majini, akachagua fundo lisilombana. Huyo ni mama mwenye akili na mapenzi, aliyekosa mahali. Pembeni alikuwa msichana wa miaka tisa anateka maji ya kunywa kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Mwanangu, leo hukwenda skuli?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Nilikwenda jana, bibi."

Alikwenda jana. Kama mtu anayezungumzia sokoni.

Ningeweza kukaa hapa nikamsema mama yule, lakini sina uso huo. Miaka ya tisini mimi nilikuwa na darasa la watoto arubaini, nawafundisha rangi, nawafundisha kuhesabu kwa kokwa, na wazazi wao wananisifu. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Mwanangu mdogo alikuwa na mwaka mmoja. Basi mwanangu wa kwanza, binti wa miaka kumi, alikuwa akibaki nyumbani siku mbili kwa wiki kumshika ndugu yake ili mimi niende kuwafundisha watoto wa watu. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikujiuliza. Leo ni mtu mzima ana watoto wake, na daftari la hesabu la mwanawe likija humsukumia mumewe. Siku moja nilimtania. Akasema, "Mama, gawanya zilipofundishwa, mimi nilikuwa na mtoto."

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema malezi ya kwetu ni ya bure, nasikia vibaya. Bibi analea bure, jirani analea bure, dada analea bure. Bure hiyo ina mlipaji. Binti yangu alilipa kwa gawanya. Wengine wanalipwa, tena kidogo: msichana anatolewa shamba huku Pemba, anapandishwa boti, anapelekwa mjini kuwa yaya wa mtoto wa mfanyakazi, na yeye mwenyewe ni mtoto. Wenye kuwaajiri ni sisi sisi tuliosoma.

Methali ya "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" tumeichosha. Kila hotuba ya watoto inafunguliwa nayo. Haituambii nani anamlea saa nne asubuhi siku ya bamvua.

Nije kwenye sera, maana ndizo mlizonialika kuzisema.

Nchi hii ya Zanzibar haikuanza jana kujali elimu. Mapinduzi yalikuwa Januari 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka ule ule elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Kila mwaka tunaisherehekea. Sera ya Elimu ya 2006 nayo ikafanya jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado: iliyaingiza maandalizi ndani ya elimu ya lazima, mtoto aanze akiwa na miaka minne. Mimi siku ile nilishangilia. Kabla ya hapo tulikuwa walimu wa "kucheza na watoto", na mishahara yetu ilikuwa ya kucheza vile vile.

Lakini hebu mfuateni mtoto mmoja tangu anazaliwa. Mama yake akiwa mwajiriwa wa ofisini, ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Akiwa wa mwani au wa kukaanga samaki, likizo yake ni arubaini, na si wote wanaoimaliza. Serikali inamuona mtoto kliniki: anapimwa uzito, anachanjwa, chanjo ya surua na rubela miezi tisa, ya pili miezi 18. Akishachomwa hiyo ya miezi 18 kadi yake inatiwa mfukoni, mfuko unatundikwa ukutani. Atakayemuona tena kwa daftari ni mwalimu wa maandalizi akifika miaka minne. Katikati hapo ni miaka miwili na nusu. Labda siku za matone ya vitamini A ataitwa. Hiyo ndiyo miaka anayoanza kusema, anayojifunza kungoja zamu, anayotia kila kitu mdomoni, anayoweza kutumbukia kisimani wewe unageuza chapati. Mtoto wa miaka miwili ndiye raia mwenye kazi nyingi kuliko wote kijijini, na ndiye asiye na ofisi.

Msinijibu kwamba sheria ipo. Najua ipo. Sheria ya Mtoto ya 2011 ninayo nyumbani, nimeisoma na miwani yangu. Inasema mengi mazuri juu ya haki zake. Haimpokei mlangoni saa tano.

Tena hatuanzi patupu, ndiyo maana nasema kwa ujasiri. Mnakumbuka zilivyoanza skuli za madrasa. Wazazi wa Kiislamu wa pwani walikuwa na shida moja: wakimpeleka mtoto nasari wanaogopa dini yake, wakimpeleka chuo cha Kurani tu wanaogopa ataachwa nyuma darasa la kwanza. Mombasa, miaka ya 1980, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, akayaweka yote mawili chini ya paa moja. Mwaka 1990 mpango ule ukafika Zanzibar. Kijiji ndicho kilichojenga, kijiji kikachagua wasichana na kina mama wake wakasomeshwa ualimu, na vifaa vikatengenezwa kwa tulivyonavyo: vifuu, visoda, kokwa, makombe ya pwani. Mimi ndiko nilikojifunza kwamba mtoto hahitaji dude la plastiki kutoka nje ili ajue kubwa na dogo. Mpe kifuu kikubwa na kidogo, na mchanga, umuache.

Kisha katika miaka ya 2000 vikaja vituo vya TUTU, Tucheze Tujifunze, vilivyoanza kwa msaada wa Marekani. Hivyo navipenda mpaka leo. Hapana jengo. Pana ukumbi wa mtu, au baraza, au kivuli cha mwembe, pana redio moja, na mama wa kijiji anayekaa na watoto. Redio inasema simameni, watoto wanasimama. Redio inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa makelele, na wale wazee wa barazani nao wanajibu kimoyomoyo. Kwa gharama ya betri, watoto ambao skuli ilikuwa mbali nao wakapata maandalizi.

Sasa semeni, vituo vile tatizo lake lilikuwa nini? Watoto walikuja. Redio ilisema. Kilichokuwa kigumu ni yule mama. Alikuwa anajitolea. Anajitolea mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka wa kwanza. Kisha mumewe anamuuliza, "Huko unakokwenda kila siku unaleta nini?" Hana la kujibu, anarudi kwenye mwani. Kijiji kinamlipa kwa mihogo na ahsante, na ahsante hainunui sare. Nimeona kituo kizuri kikifa hivyo, na kwenye ripoti imeandikwa "mwamko mdogo wa jamii". Mwamko haukuwa mdogo, mheshimiwa. Mfuko ndio uliokuwa mdogo, tena wa mwanamke mmoja.

Wenzetu wa India walilitazama jambo hili wakiandika sheria yao ya ajira za vijijini ya mwaka 2005. Serikali inawapa watu kazi za kuchimba mitaro na kutengeneza njia, na wanawake wanakuja na watoto wao. Sheria ikasema: pakiwa na watoto watano au zaidi wa chini ya miaka sita, mmoja wa wale wanawake awekwe kuwatunza, na alipwe ujira ule ule wa anayechimba. Si wa nusu. Someni tena, ujira ule ule. Hapana jengo, wala hapana kukatwa utepe. Yametambuliwa maneno mawili tu, kwamba kulea ni kazi, na kwamba inafanyika pale pale mama alipo.

Hilo ndilo ninalolitaka pwani ya Pemba. Kikundi cha mwani cha wanawake ishirini, siku za bamvua, kiwe na mmoja anayebaki juu kivulini na wale wadogo, mwenye mafunzo ya wiki kadhaa, maji safi, uji, na ujira uliotoka serikalini, si mchango wa wale kumi na tisa. Na zile kazi za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kifungu kama hicho kiandikwe na kifuatwe.

Kina baba mnacheka mnasema huyu bibi kasahau wanaume. Sikusahau. Wengine wako dago, kambi za uvuvi za mbali, hao Mungu awarejeshe salama. Walioko barazani wanacheza bao saa nne asubuhi nao wana mikono miwili, na mtoto hajapatapo kuuliza mikono ni ya nani.

Mkuu wa Wilaya atauliza fedha. Nimeifanya hesabu nyuma ya bahasha, mnisamehe, sikukosa gawanya mimi. Chukueni shehia 388 za Unguja na Pemba. Kila moja walezi wawili, hao ni 776. Tuseme kila mmoja shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kama shilingi bilioni 2.8. Bado uji, bado maji, bado mafunzo, na bado najua kwamba walezi wawili kwenye shehia kubwa ya mjini ni mzaha. Huo ni mwanzo. Lakini bajeti yetu siku hizi inahesabiwa kwa matrilioni, na bilioni 2.8 ndani yake inatafutwa kwa kurunzi.

Na tumeshafanya kubwa kuliko hilo. Mwaka 2016 nchi hii ilianza pencheni jamii: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, awe alikuwa mkubwa wa ofisi au mkwezi wa minazi. Hatukuuliza mzee alichangia nini. Tuliona uzee peke yake unatosha. Basi na utoto nao utoshe. Na tazameni nyumbani mwenu, bibi anayepokea pencheni ile ndiye huyo huyo anayekimbizana na mjukuu kutwa nzima, magoti yanamuuma.

Wapo watakaokuleteeni hesabu za Marekani, kwamba dola moja ya nasari inarudi na faida. Msingi wake mmoja mkubwa ni watoto 123 wa mji mdogo wa Ypsilanti, Michigan, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1960 mpaka ukubwani. Kazi nzuri, siidharau. Lakini watoto 123 wa Michigan si dhamana ya benki kwa watoto wa Kojani hapa Pemba, na mimi sipendi mtoto atetewe kama hisa. Mfano wa Quebec, Kanada, naona una somo zaidi. Mwaka 1997 walifanya malezi ya kutwa kuwa dola tano kwa siku kwa kila mzazi. Kina mama wengi wakaingia kazini, hilo halina ubishi. Lakini watu walikimbilia nafasi, zikafunguliwa haraka, na wachumi waliowatazama watoto baadaye hawakukuta raha tupu. Wengine waliona tabia za baadhi ya watoto zimekuwa ngumu zaidi. Rahisi peke yake haitoshi. Mlezi mmoja akiachiwa watoto wachanga kumi na tano, mkamlipa vizuri na mkamjengea ukumbi, bado atakachoweza ni kuzuia wasitoke nje. Mimi nimelea, nasema wa chini ya miaka miwili wakizidi wanne kwa mtu mmoja, mmoja analia bila kusikilizwa.

Kwa hiyo mkinipa nichague kati ya majengo na walezi, nipeni walezi. Najua jengo linapendeza kwenye picha.

Karafuu nitazisema kwa ufupi, kila mtu hapa anazijua. Msimu ukifika nusu ya kijiji kimehamia shamba, usiku watoto wanasinzia juu ya majamvi huku wakubwa wanachambua makonyo. Kituo kisichoweza kuhama na watu wiki zile ni kituo cha kufungwa. Na hoteli: ziko Unguja zaidi, Nungwi, Kiwengwa, lakini mabinti wanaotandika vile vitanda wengine ni wetu, wanachukuliwa na gari kabla jua halijatoka. Mwekezaji anayeweza kujenga bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini hashindwi chumba kimoja cha watoto wa wafanyakazi wake. Hilo liandikwe kwenye masharti kabla ya jiwe la msingi, si baada.

Dakika zangu zimekwisha, naona katibu ananionesha saa. Afadhali ameishika saa, maana ninalo moja la kumuomba.

Kikao kijacho cha jambo hili kisiwekwe kwa tarehe za ofisi. Bamvua hii inakwisha siku nne tano zijazo, halafu yanaingia maji mafu. Naomba katibu aandike: kikao siku ya pili ya maji mafu, saa kumi alasiri, pwani, si hapa. Watoto waje nao. Mimi nitakuja na vifuu na mkeka, nitawashika upande wa pili wa mwembe, ili mama zao wakae mbele wayaseme haya wenyewe. Masheha mkishindwa kuijua siku yenyewe, muulizeni mvuvi yeyote.